Hadithi ya Kutisha kwenye Benchi la Macho

Shangazi yangu alikuwa anaogopa vitu viwili tu duniani: matone ya dawa ya macho, na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Wafu hakuwaogopa. Wafu alikuwa anawaagiza.

"Leo nataka maiti," angeniambia huku anavua viatu ili akae vizuri. "Na mvua iwepo. Jana hapakuwa na mvua, sikuogopa sawasawa."

Sisi tulikuwa washonaji wa mapazia. Karakana ilikuwa ya Shangazi. Asubuhi hatukuongea, maana cherehani zilipoanza kupiga kelele hata kupiga chafya ulipiga peke yako. Lakini baada ya chakula cha mchana Shangazi alizizima zote. Hakuuamini upindo wa mashine, alisema unakaa kama kovu. Basi tulikaa chini kwa duara, pazia moja kubwa limetulalia wote magotini, kila mtu anapinda upande wake kwa mkono. Na hapo ndipo tulipokuwa na utaratibu wetu: anayepinda polepole kuliko wote ndiye anayesimulia, kwa sababu mikono yake haina hasara kubwa. Huyo nilikuwa mimi. Waliniita Konokono, na sikukasirika, maana konokono anaona mengi njiani.

Hadithi zenyewe nilizitoa kwenye kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kilichokuja ndani ya robota la vitambaa. Mpaka leo sijui nani aliziandika. Zilikuwa hadithi fupi za zamani, unamaliza moja kabla chai haijapoa, na zote zilikuwa na jumba kubwa lililochoka, mshumaa, ngazi inayolia, na mtu mmoja ambaye wewe msomaji unamwambia usiende huko, usiende huko, naye anainua mshumaa wake anaenda. Elimu yangu ni ya msingi tu, lakini kwa kile kitabu sikuhitaji mwalimu. Nilipokimaliza nilikirudia, na nilipochoka kukirudia nikaanza kutunga zangu.

Ungetuona siku hizo. Kwa kuwa tulishika pazia moja, mmoja akishtuka wote tunavutwa. Nilikuwa nasimulia, labda picha ukutani imepepesa macho, na nikahisi woga unapita kwenye kitambaa kama panya, unatoka kwa Mama Pasi, yule mpigaji pasi wetu mwenye mwili mkubwa, unafika kwa Shangazi, unarudi kwangu. Halafu ghafla mtu anapiga kelele, mwingine amejichoma sindano, na kicheko kinapasuka mpaka watu wanalala chini. Mama Pasi alikuwa anacheka huku anamwomba Mungu amsamehe. Wakishafuta machozi, wote kwa pamoja: haya, endelea.

Mimi nilikuwa nawatazama. Nilitaka kujua kwa nini watu wazima wenye shida zao za kutosha nyumbani wanakuja kuniomba mimi niwaongezee. Nikaona hivi. Woga wa hadithi una mpini. Unaushika mwenyewe, unauinua, unautazama huku na huku, ukichoka unauweka chini unaenda kuchota maji. Woga wa kweli hauna pa kushika. Wenyewe ndio unaokushika wewe.

Na Shangazi alikuwa ameshikwa.

Nilijua kabla hajaniambia. Kila asubuhi alianza kunipa sindano nyingi nimtungie uzi, anazichomeka kifuani kama medali, ili mchana asionekane anahangaika na tundu. Akawa anapima kwa vidole. Akawa anaisalimia sanamu ya kuonyeshea nguo iliyo dirishani, tuliyoivika shuka la maonyesho, anaiambia karibu mteja. Tukacheka, naye akacheka zaidi yetu. Lakini siku aliposhona mapazia ya nyumba nzima na bitana akaitoa nje, maua yote yakaangalia ukutani, Mama Pasi hakucheka. Alikuja na pazia begani akalitandaza mbele yake. Shangazi akasema ndiyo mitindo mipya. Mama Pasi akasema sawa, dada, na akakaa kufumua.

Daktari wa macho alikuwa ameshasema zamani: mtoto wa jicho, wa kulia amekomaa, wa kushoto anafuata. Upasuaji ni kazi ya muda mfupi, unalala ukiwa macho, ganzi kidogo, umemaliza. Ukichelewa sana, kazi inakuwa ngumu, na huenda macho yasirudi kama yalivyokuwa. Shangazi alikwenda mara ya kwanza akarudi akasema geti limefungwa. Mara ya pili akasema geti lilikuwa wazi mno, hakulipenda. Mtu asiyeona hawezi kushona, na Shangazi asiposhona sijui angekuwa nani. Hilo ndilo lililonikosesha raha mimi, si mapazia.

Basi nikaanza hadithi mpya, ndefu kuliko zote.

Ilikuwa ya fundi wa mapazia. Mwanamke kama sisi, ameitwa kwenye jumba la mbali kupima madirisha. Mtunza jumba, mzee asiyekohoa wala kupiga miayo, anamwambia apime vyumba vyote isipokuwa chumba cha juu mwisho wa ukumbi, maana hicho hakina dirisha. Fundi anapima. Mvua inanyesha, nilihakikisha. Na kila anapoandika kipimo, anasikia juu, ndani ya kile chumba kisicho na dirisha, pete za pazia zinakwaruza kwenye fimbo. Kra, kra, kra. Mtu anafungua pazia. Kisha analifunga.

Hiyo sauti sisi tunaijua mpaka kwenye mifupa. Nilipoitoa mara ya kwanza kwa ulimi wangu, Mama Pasi alitupa pazia akasimama juu ya meza ya kukatia, na mpaka leo hajui alipandaje.

Nikaipeleka ile hadithi taratibu, siku hadi siku, mpaka fundi akapanda ngazi, akapita ukumbi, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Hapo nikakunja upande wangu wa pazia.

"Iliyobaki," nikasema, "nitaisimulia hospitali, kwenye benchi la macho. Asiyekwenda huko haipati."

 Kisha Shangazi akaniambia mimi ni mtoto mbaya, nimerithi kwa mama yangu, upande wa baba hatuna tabia hizo. Siku kadhaa hakunisemesha ila kwa kupitia mtu wa tatu: mwambieni huyo aniletee mkasi, na mkasi ulikuwa katikati yetu. Lakini wenzangu hawakumwacha. Mama Pasi alisema yeye sasa nyumbani kwake ameondoa pete zote za mapazia, amefunga kwa kamba, mume anamuuliza kulikoni. Wakamzunguka Shangazi kila mchana wakimwomba aende akaondolewe huyo mtoto wa jicho wapate kujua kilichomo chumbani. Hatimaye akasema: sawa, ninakwenda, lakini kwa ajili ya hadithi tu, macho yangu yasihusishwe.

Hospitali walitukalisha kwenye benchi refu la ukutani. Nesi, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, alipita akimtia kila mgonjwa matone, akamchora alama ya wino juu ya jicho linalofanyiwa kazi, akamwamuru afumbe macho yote mawili asifumbue mpaka aitwe. Shangazi alipotiwa tone alinishika mkono nikafikiri vidole vyangu vimekwisha. Kulia kwake alikaa mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, na alituambia bila kuulizwa kwamba ameendesha kwenye misitu ambayo hata miti yenyewe inaogopa, yeye hajui woga una rangi gani.

"Haya, anza," Shangazi akaninong'oneza. 

Nikaanza kwa sauti ya chini, nikamrudisha fundi ngazi chache ili Shangazi apate kupumua. Lakini benchi la watu waliofumba macho si mahali pa kunong'ona. Hawana kingine cha kufanya. Kwanza dereva akaegemea upande wetu. Kisha mwanamke aliyemfuata akamwambia dereva asogeze kichwa, kinaziba sauti. Kisha benchi zima likawa limeinama kwangu kama nyasi. Giza la kutosha, kila mtu amekuja na lake. Nikafika penye pete. Kra, kra, kra.

Benchi zima likajifunika uso kwa mikono. Dereva alitoa sauti nyembamba kama ya birika, na mtu wa mwisho akateleza kabisa akakaa sakafuni. Halafu kikaanza kile kicheko chetu cha karakana, nacho hakijui hospitali wala msikiti. Watu wazima, wamefumba macho, machozi na dawa vinawatiririka, wanashikana mabega wanacheka.

Nesi akatoka mbio. Alipotuona alisimama. Alama zake zote za wino zilikuwa zimefutika au zimesambaa, dereva alikuwa na bluu mpaka kwenye sikio. Akaanza kuchora upya, mmoja mmoja, akitusema kwamba hapa si sokoni na kwamba ameajiriwa kuchora watu mara moja tu. Mimi peke yangu nilikuwa nimeona kitu kingine: Shangazi alama yake aliifuta kabla ya pete. Aliifuta polepole, kwa ncha ya khanga iliyolowa mate, kwa uangalifu wa mtu anayetoa doa kwenye hariri.

"Na wewe, mama, ni jicho gani?" nesi akamuuliza.

"Mimi si mgonjwa," Shangazi akasema kwa utulivu. "Nimemsindikiza huyu binti wa kaka yangu. Anasumbuliwa sana na macho, maskini."

Nesi akaniangalia. Ningeweza kusema, naye angemshika mkono akamwingiza. Lakini mtu aliyeingizwa kwa mkono hatulii, na kwenye jicho ni lazima utulie. Nikawageukia watu wa benchi.

"Basi yule fundi," nikasema, "akiwa ameshika kitasa, aliogopa sana. Akakiachia. Akashuka ngazi, akachukua futi yake ya kupimia na begi, akarudi nyumbani. Hadithi imeisha."

Sijawahi kuona watu waliofumba macho wakikasirika namna ile. Walinigeukia wote na nyuso zao zilizokunjika. Mmoja akadai haiwezekani. Dereva akasema amekaa hapa kama kuku aliyefunikwa kapu anasubiri mlango ufunguliwe, halafu anaambiwa mtu amerudi nyumbani, huo ni utapeli. Lakini aliyewashinda wote kwa hasira alikuwa Shangazi.

"Arudi nyumbani kufanya nini?" akaniuliza. "Ameacha watoto jikoni? Afungue."

"Anaogopa, Shangazi."

"Si ndio utamu wenyewe. Aogope, na afungue. Mtu amepanda ngazi zote hizo, mvua yote hiyo, halafu anageuka mlangoni? Huyo ni fundi gani? Mimi nisingemwajiri."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.  Benchi zima likainua vichwa, maana hata wao, bila kujua habari zetu, walisikia kwamba kuna kitu kimedondoka. Nesi alikuwa amesimama na kalamu yake wazi. Niliona mdomo wa Shangazi unaanza kucheza pembeni. Akajitahidi kuuzuia, ukamshinda.

"Umenitega," akasema. "We mtoto, umenitega mchana kweupe."

"Nimekutega, Shangazi."

Akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akainua uso wake kwa nesi, macho yamefumbwa, kidevu juu kama anayepakwa poda. "La kulia," akasema. "Chora vizuri, mwenzangu. Chora na pete."

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Nikajiegemeza ukutani, nikijua nimemaliza kazi. Nilikuwa sijamaliza kazi. Punde nesi akachungulia, barakoa imemshuka kidevuni.

"Wewe wa hadithi," akaniita. "Shangazi yako amelala vizuri, ganzi imekubali, lakini haachi kuongea. Anamuuliza daktari kuna nini nyuma ya mlango. Daktari anamwambia hajui, anasema basi muulizeni anayejua. Akiongea kichwa kinatikisika. Njoo."

Palikuwa na chumba kidogo cha kunawia mikono, na ukutani kidirisha cha kupitishia vyombo. Nesi akanivalisha barakoa, akanisimamisha hapo. Niliona miguu ya Shangazi chini ya shuka la kijani, na mgongo wa daktari ameinama. Daktari hakugeuka. Alisema kwa upole kwamba nisimulie, ila nikumbuke jambo moja: mgonjwa asicheke. Akiogopa ni sawa, mtu akiogopa huganda kama sanamu. Lakini akicheka, atasogea.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kuna nini nyuma ya mlango. Sikuwa nimetunga bado. Nilikuwa nimefika mlangoni na mimi, kama fundi.

Na nyuma yangu nikasikia viatu vinaburuzwa. Nageuka, naona dereva, ameshikilia ukuta, macho yamefumbwa, na nyuma yake mwanamke wa benchi amemshika bega, na nyuma yake mwingine, msururu mzima, wanaingia chumba cha kunawia kama garimoshi la vipofu. Nesi alifungua mdomo awafukuze. Kisha akawagawia barakoa.

Nikaanza. Nilijua kitu kimoja tu, kwenda polepole, na ndicho nilichotumia. Nilimwambia Shangazi kwamba kitasa kilikuwa cha moto, kama kitasa kilichoachiwa sasa hivi na mkono wa mtu. Miguu chini ya shuka ikatulia. Nikasema fundi alikisikia chumba kinapumua kupitia tundu la ufunguo, pumzi yenye harufu ya nguo zilizokunjwa muda mrefu. Vidole vya miguu vya Shangazi vilisimama wima, havikutikisika. "Endelea hivyo hivyo," daktari akasema. Nikakizungusha kile kitasa. Nilikizungusha, wallahi, kuliko kitasa chochote kilichowahi kuzungushwa. Nikausukuma mlango unywele kwa unywele. Nyuma yangu mtu alishikwa na kwikwi ya kicheko, dereva akamkanyaga mguu, huyo aliyekanyagwa akaanza kucheka kwa pua, nikahisi garimoshi zima linatetemeka mgongoni mwangu, nami shavu langu nimeling'ata kwa ndani, maana ningecheka mimi, Shangazi angecheka, na sindano ya daktari ilikuwa jichoni mwake.

Nikasema chumba kilikuwa cheusi, na katikati palisimama fimbo ya pazia na pazia refu jeupe, halikufunika dirisha wala ukuta, limefunika hewa tu. Nyuma yake palikuwa na miguu miwili ya mwanamke. Mitupu. Imeelekezwa mlangoni.

 Daktari aliacha mkono hewani.

"Ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Daktari, kazi," nesi akamwambia.

Pete zikakwaruza, moja moja. Nilizivuta, nikazivuta, huku namtazama nesi, na nesi anamtazama daktari, na pazia la hadithi yangu linafunguka kidogo, linakwama, linafunguka, mpaka nikaishiwa pete kabisa na ikabidi niseme fimbo ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana. Ndipo daktari akanyooka. Akaweka pamba, akaweka plasta, akarudi nyuma hatua moja na kuinua mikono yake juu kama mpishi aliyeepua chungu.

"Sasa mwambie," akasema. "Sote."

"Pazia likafunguka," nikasema. "Yule mwanamke, aliyekufa miaka mia iliyopita, ameshika ncha ya gauni lake, akamtazama fundi kutoka kichwani mpaka miguuni. Akamwambia: we binti, kwenu hampigi hodi?"

 Halafu shuka la kijani likainuka kama hema lenye upepo na Shangazi akapasuka. Alicheka kwa sauti ya karakana, ile ya kulala chini, na yeye alikuwa amelala tayari, basi akapiga kitanda kwa kiganja. Daktari aligeukia ukuta, mabega yanapanda na kushuka. Nyuma yangu garimoshi lilianguka, behewa moja baada ya jingine.

Walipomleta nje kwenye kiti cha magurudumu, plasta kwenye jicho moja, aliushika mkono wangu, safari hii bila kuubana. Aliniambia mwisho ule ni dhaifu, miguu ilikuwa mizuri lakini maneno yameharibu, yeye angemfanya mwanamke asiseme chochote. Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema sana. Akasema aliogopa hata hakupata nafasi ya kujua daktari anafanya nini. Kisha akamwambia nesi, kama mtu anayeagiza vifungo, ampangie siku ya jicho la kushoto.

Nesi akasoma jina la anayefuata. Hakuna aliyesimama. Nikatazama. Dereva alikuwa amejishikilia kwenye ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, midomo imekauka, rangi ya bluu bado sikioni.

"Mzee," nesi akasema, "ni wewe."

"Najua ni mimi," akajibu. Hakunyanyuka. Akageuza uso wake uliofumbwa huku na huku mpaka akaupata upande wangu. "Yule binti bado yupo?"

Nikamwambia nipo. Nikamshika kiwiko, nikamsimamisha taratibu, na tulipokuwa tunakwenda nikamuuliza kwa sauti ya chini kipi kinamtisha zaidi barabarani: lori lisilo na dereva, au abiria ambaye hukumpakia.

Akafikiri hatua nzima. Nikahisi nywele za mkono wake zinasimama, na kona ya mdomo wake inapanda.

"Abiria," akasema, na akaingia.